Swali la Baba kwenye Foni

Walimleta kwetu siku ya Jumapili. Tulikuwa tumetoka misa, na maman alikuwa hajavua bado kikwembe chake cha kanisani. Walimleta kwa sababu ya aneksi yetu. Nyumba ile, kwenye mteremko wa Muhumba unaoangalia ziwa, ilijengwa na Mbelgiji mmoja mnunuzi wa kahawa, na kule nyuma alijenga chumba cha kuwekea magunia: kuta nene, mlango wa chuma, dirisha moja lenye nondo. Marehemu baba yangu, aliyeinunua alipokuwa mkaguzi wa shule, aliweka humo vitabu vyake na mbegu za viazi. Alifariki kabla ya vita vya kwanza vya nchi yetu. Maman alikuwa akisema kwamba Mungu alimpenda.

Vita vya pili vilipokuja na waasi wakaushika mji, kapiteni mmoja alipanda mpaka kwetu na askari wake, akatembea chumba kwa chumba kama mtu anayetaka kupanga, kisha akatuambia tuhamie vyumba viwili vya karibu na jikoni. Salon, sebule yetu, na vyumba vya mbele vikawa vyake. Kaka yangu alikuwa Kinshasa, ng'ambo ya vita, na hakukuwa na njia ya kumfikia. Tulibaki wawili, mimi na maman, ndani ya nyumba yetu wenyewe kama wageni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa masista. Siku ambazo hakukuwa na milio ya risasi nilikwenda kufundisha, siku nyingine nilikaa.

Yule waliyemleta alikuwa kijana mrefu, mwembamba, miguu mitupu, shati jeupe lililopasuka begani. Alitusalimia. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwake: mikono imefungwa nyuma, askari wawili wanamsukuma, na bado aligeuza kichwa akasema, "Bonjour, maman. Bonjour, dada."

Kapiteni alimwita maman barazani. "Maman, uyu iko mugeni wetu. Utakuwa unamupikia. Asikufe."

"Asikufe juu ya nini?" maman akauliza.

"Iko na kazi."

Kazi yake tuliijua kabla ya jua kutua, maana askari hawawezi kunyamaza. Alikuwa mtoto wa yule mzee wa msituni. Siku zile, kutoka Bunyakiri mpaka kule Hombo, kulikuwa na mtu ambaye jina lake Bukavu lilitajwa kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba. Zamani alikuwa mnunuzi wa mafuta ya mawese, mwenye kamyo mbili za mizigo. Vita vilimfanya mkubwa. Wengine walisema risasi hazimpati. Wengine walisema amechoma vijiji vya watu wake mwenyewe kwa sababu waliwapa adui maji ya kunywa. Waasi walikuwa wamepigana naye kwenye milima hiyo miezi na miezi, na kila walipopanda walirudi wakibeba maiti. Sasa walikuwa wamempata mtoto wake, mwanafunzi wa jiografia, ndani ya basi dogo la kutoka Bagira alikokuwa akilala kwa shangazi yake. Mtu fulani alikuwa amemtaja. Nani, hatukujua kamwe.

Siku za kwanza hakula. Maman alimpelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Alipeleka viazi, vikarudi. Mwishowe akaenda mwenyewe dirishani, askari wa zamu akiwa anatazama ziwa.

"Mutoto, miye siko askari. Miye iko mama ya mutu. Kula."

Sauti ikatoka ndani ya giza lile: "Maman, niliona sufuria yenu wakati nilipita. Hamuna mingi."

Maman alirudi jikoni akakaa juu ya kigoda, akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Mutoto wa jambazi," alisema, "lakini mama yake alimulea vizuri." Jioni ile alikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya wiki nzima, akampelekea zote, akasimama pale mpaka akazila.

Kutoka hapo tulianza kumjua. Kamba ya kuanikia nguo ilipita mbele ya dirisha la aneksi, nami nilikuwa na sababu ya kusimama pale. Askari walizoea. Nilimruhusu asome vitabu vya marehemu baba, vilivyokuwa bado vimo humo humo kwenye kona, na yeye alinieleza yaliyokuwamo kwa namna ambayo baba mwenyewe hakuwahi kunieleza: jinsi ziwa letu lilivyozuiwa na moto wa milima, jinsi maji yake yalivyogeuka yakaanza kushuka upande wa bonde. Alilipenda bonde. Alikuwa amelelewa Luvungi, kwenye joto, kati ya mashamba ya mpunga. Mama yake aliuza nyanya na mchele kando ya barabara. Bukavu kwake ilikuwa baridi tu, na mvua, na watu wanaofunga milango mapema.

Siku moja nilimwuliza kuhusu baba yake. Nilitarajia hasira, au majivuno. Alicheka kidogo.

"Dada, mimi ule muzee nilimuona mara moja," akasema. "Alimuacha maman yangu kabla nianze kutembea. Alimurudisha kwao Luvungi na mutoto mugongoni, akaoa wengine. Wakati nilikuwa ku lycée, kamyo yake ilipita kule na mafuta. Aliniita ku barabara. Alinipa mukono, vile batu ya bureau banapeana mukono. Akaniuliza: uko mwaka ya ngapi? Nikasema: ya tatu. Akasema: ni muzuri. Akapanda, akaenda."

"Na ni hivyo tu?"

"Ni vile tu. Na juu ya ile mukono moja, niko hapa."

Watu waliosikia habari hii baadaye waliniuliza kama nilimpenda. Nilimzoea. Asubuhi, kabla sijaenda shuleni, nilisikia kikohozi chake nikajua ameamka. Kumzoea mfungwa ni jambo baya, kwa sababu moyo unaanza kupanga kesho, na kesho si yako wala si yake. Maman alizidi. Alianza kumwita "mutoto wangu" mbele ya kapiteni mwenyewe, na kapiteni, ambaye hakuwa mtu wa makelele, alimwacha.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa mzee wamemkamata mkubwa mmoja wa waasi, meja, kwenye barabara ya Hombo, naye yu hai. Nyumba nzima ilibadilika. Kapiteni alipiga mluzi alipokuwa akinyoa ndevu. Alimwambia maman, "Sasa mambo itakwisha. Batatoa wetu, shiye tutatoa wao. Mugeni wako ataenda."

Maman alikwenda dirishani kumwambia. Nilimwona akipitisha mkono kati ya nondo. Kijana aliushika ule mkono, akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa: "Maman, weye unaona atakubali?"

"Baba gani atakatala damu yake?"

"Miye na yeye hatujuane."

"Damu inajuana," maman akasema. Aliamini hivyo. Hata mimi niliamini.

Foni waliiweka juu ya meza yetu ya kulia chakula. Ilikuwa mashine ya kijani yenye uzito, imeunganishwa na betri ya gari, na waya wake ulitoka kupitia dirishani mpaka juu ya mti wa avoka. Ilikuwa alasiri, baada ya mvua, na mji wote ulikuwa ukitoa mvuke. Kapiteni alimwagiza maman chai, ndiyo maana tulikuwapo, maman akiwa na birika, mimi na sinia, tumesimama mlangoni mwa salon na hakuna aliyetuambia tutoke. Kijana alikalishwa kwenye kiti cha marehemu baba. Walikuwa wamemfungua mikono na kumpa sabuni, na alikuwa amelinyoosha lile shati kwa viganja vyake.

Waliita muda mrefu. Kisha katikati ya kelele iliyokuwa kama mafuta yanayokaangwa, ikaja sauti ya mtu mzima, ya polepole. Alisema Kitembo. Kapiteni alikuwa na askari mmoja wa kule, aliyekijua, akimtafsiria. Wakasema mambo yao ya kivita, meja wetu yuko wapi, yuko hai, mtoto wako tunaye, atakusemesha. Kapiteni akamsogezea kijana kile cha kusemea.

"Papa," akasema. "Ni miye. Mutoto wako wa Luvungi."

Kelele ya mafuta tu. Kisha ile sauti ikasema maneno machache kwa Kitembo, na kijana akamgeukia yule askari, maana lugha ya baba yake hakuijua. Alijua Kifuliiru cha mama yake na Kiswahili na Kifaransa.

Yule askari alisita. "Anasema: kama uko mutoto yake, useme kitovu chako ilizikwa wapi."

Kule kwao, na kwetu pia, kitovu cha mtoto kinazikwa kwenye ardhi ya nyumbani, mara nyingi chini ya mgomba, na mtu anayejua kilipozikwa anajua pake ni wapi. Maman alielewa kabla yangu. Nilimwona akimtazama kijana kwa macho makubwa, midomo yake ikisema bila sauti: mugomba, mugomba. Kijana alimwona. Najua alimwona. Lakini akainamia kile cha kusemea, akasema kweli.

"Sijue, papa. Maman hakuniambia. Lakini ni miye. Ulikuya ku lycée na kamyo ya mawese. Ulinipa mukono. Uliniuliza niko mwaka ya ngapi."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu hata kapiteni akaigusa mashine akidhani betri imekufa. Kisha sauti ikarudi, na sasa ilisema Kiswahili, kwa nguvu, kila neno peke yake, ili kila aliyekuwa akisikiliza katika milima ile na katika mji huu asikie.

"Kapiteni, uliokota mutoto ya batu. Miye sina mutoto mu Bukavu. Mufanye nayeye vile munapenda."

Ikakatika.

Kijana alibaki ameshika kile cha kusemea kwa mikono miwili. Kapiteni alikichukua taratibu, akakiweka mahali pake, akasema bila kumtazama: "Ao weye uko mwongo, ao baba yako iko mwongo."

"Sijue," kijana akasema tena.

Walimpiga kabla ya jioni. Waliompiga ni wale wale waliokuwa wakimpa sigara na kumwuliza maswali ya Kifaransa. Walitaka aseme kwamba si mtoto wa yule mzee, kisha walitaka aseme kwamba ni mtoto wake, sidhani kama wenyewe walijua walitaka lipi. Maman aliziba masikio kwa mto. Mimi sikuziba. Niliona kwamba angalau mtu mmoja asikie.

Walipomaliza, na askari wa zamu alipokuwa mtu mwenye huruma kidogo, tulikwenda dirishani na maji ya moto na kitambaa. Maman aliongea naye kama mtu anayembembeleza mgonjwa wa malaria.

"Mutoto wangu, sikia. Baba yako alikuwa anakuficha. Ukikuwa mutoto ya bure, batakuachilia. Alifanya akili."

"Hapana, maman."

"Ninakuambia."

"Alikuwa na sauti ya mutu mwenye kusema kweli." Alikuwa akiongea kwa shida, mdomo umevimba. "Na anasema kweli. Miye siko mutoto yake. Mutoto anajua kitovu chake iko wapi."

Kutoka siku ile akawa mtu mwingine. Hakulia, hakulalamika. Akawa na adabu iliyozidi, kama mgeni aliyekwisha kufunga mzigo wake na anangoja tu gari. Sahani alizirudisha zimeguswa kidogo pembeni. "Aksanti, maman, nimeshiba." Vitabu alinirudishia vyote, amevifuta vumbi. Nilimwambia avibakize, akasema macho yanamwuma. Nilijaribu kumwuliza juu ya bonde, juu ya mpunga, kwa nini maji yanageuka rangi wakati wa kiangazi. Alinijibu kwa ufupi, na majibu yote yalikuwa sahihi.

Baadaye wakaanza kumtoa asubuhi akae juani kwenye ngazi ya aneksi, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibaya na kapiteni hakutaka afe kabla ya kuamua la kufanya naye. Walikuwa hata hawamfungi tena. Mtu asiye na baba, wamfunge kwa nini?

Asubuhi moja, pikapu ya askari ilikuwa langoni, wanapakia bidoni tupu za maji, na lango lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo kwenye bomba. Maman alikuwa jikoni akitwanga sombe. Nilimwona kijana akiinuka kwenye ngazi. Alivuta shati lake mbele na nyuma, akalifunga kifungo cha shingoni. Kisha akaanza kutembea kuelekea langoni, si haraka, si polepole, kama mtu anayekwenda kazini.

Askari wa zamu alikuwa kijana wa rika lake, wa kutoka Uvira, yule aliyependa kumwuliza majina ya mito. "We! Unaenda wapi?"

"Ninaenda kwetu," akajibu bila kugeuka. "Miye siko mutoto ya mutu. Muliniokota bure."

"Rudia!"

Hakurudi. Wale wa pikapu waliacha bidoni. Mmoja wao akapaza sauti akimwamuru yule wa zamu apige. Nasikia bado jinsi yule askari alivyokuwa akiita, sauti imempanda, akiwa ameinua bunduki: "Rudia, ndugu! Ninakuomba, rudia! Nitapiga!" Kijana aliinua mkono mmoja kidogo, kama mtu anayeaga, akaendelea. Alikuwa amevuka kizingiti cha lango wakati risasi ilipolia.

Maman alitoka jikoni mikono ikiwa ya kijani kwa sombe. Walimzuia. Alianguka pale pale kwenye majani yenye maji. Mimi sikuzuiwa, sijui kwa nini, nikafika. Kijana alikuwa amelala kifudifudi kwenye barabara ya mawe, uso umegeukia pembeni, macho yamefunguka, na hakukuwa na la kumwambia wala wa kuambiwa. Walimpandisha kwenye pikapu juu ya bidoni wakashuka naye. Walimpeleka wapi, tuliuliza mwaka ule na miaka iliyofuata. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Kapiteni alikuja jikoni alasiri. Alivua kofia.

"Maman, si kosa yetu. Alitaka yeye mwenyewe."

Maman hakuinua kichwa. "Kuanzia leo mupike wenyewe," alisema. Na kweli hakuwapikia tena hata mara moja, na kapiteni hakumlazimisha.

Wiki haikwisha. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Bukavu inayoshusha matope mpaka ndani ya nyumba za watu, na langoni alitokea mtu mwenye ndevu ndefu, nguo za jeshi zimechanika, anaegemea fimbo. Askari walimtazama, kisha wakapiga mguu chini wote kwa pamoja. Alikuwa meja. Yule wa barabara ya Hombo.

Walimkalisha salon, wakamfunika blanketi. Hakukuwa na wa kupika chai, nikaipika mimi, si kwa ajili yao, bali kwa sababu nilitaka kusikia. Meja alishika kikombe kwa mikono miwili. Alisema mzee wa msituni alimtoa mwenyewe, mchana, akamsindikiza mpaka njia kuu. Na alimpa maneno ya kuleta.

"Aliniambia: ku foni siwezi kuuzisha vita yangu, batu yangu bote banasikia. Nikibadilisha mutoto wangu na adui, na bale benye watoto yao balikufa, batasema nini? Kwa hiyo nilimukana. Lakini weye wende. Ukifika, useme: nimetoa wenu, na bo batoe wangu, bila makelele. Bamupeleke mpaka ku barrière ya mwisho. Batu yangu iko kule, banamungojea." Meja alikunywa chai. "Banamungojea kweli. Nilibaacha pale, na blanketi na viatu yake. Kijana iko wapi?"

Kapiteni alikuwa akitazama meza, mahali palipokuwa na foni.

Meja alimtazama, akamtazama yule askari wa Kitembo, akanitazama mimi. Akaweka kikombe chini.

"Mulifanya nini?" akauliza.

Nilitoka. Kwenye korido nilimkuta maman ameegemea ukuta. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atasema kwamba alijua, kwamba alimwambia kijana. Hakusema. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mimi nikabaki nikisikiliza mvua.

Wale waliokuwa wakingoja kule kwenye kizuizi na viatu, sijui walingoja mpaka lini. Najua tu kwamba baada ya hapo vita vya upande wa Bunyakiri vilikuwa vibaya kuliko mwanzo, na waliovilipia walikuwa wakulima.

Mama yake alikuja wakati barabara ya bonde ilipofunguka. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kilemba cheusi, na kichwani alibeba beseni la mchele mpya wa Luvungi, kwa sababu huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu hata unapokwenda kuulizia mtoto aliyekufa. Waasi walikuwa wamehama kwetu wakati huo, kapiteni amepelekwa kwingine. Maman alimpokea salon, akamshika mikono, akamwambia kila kitu, alivyokula, alivyokataa kula, alivyokohoa, alivyosalimia siku ya kwanza. Yule mama alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Tulipofika kwenye swali la foni, akamkatiza.

"Alimuuliza nini?"

"Kitovu yake ilizikwa wapi."

Yule mama aliiachia mikono ya maman. "Kitovu ya ule mutoto haikuzikwa fasi yoyote," akasema. "Nilimuzalia ku hôpital ya bamasista. Balitupa vyote. Baba yake alikuwa inje, ku benchi, na akafanya makelele siku ile, na mwaka muzima alinisumbua juu ya ile kitovu. Iko anajua. Hakuna mutu angeweza kujibu ile swali."

"Basi alimuficha kweli," maman akasema. "Nilimwambia mutoto. Hakunisadiki."

Yule mama alitazama dirishani, kule ziwa lilikokuwa. Hakupandisha sauti.

"Ule mwanaume iko na akili sana," alisema. "Tangu zamani iko na akili."

Akaomba kuiona aneksi. Aliingia, akauvuta mlango wa chuma nyuma yake, akakaa humo. Tulingoja uani. Hatukusikia kilio. Alipotoka aliuliza kaburi, tukamwambia hatulijui. Alikataa chakula, akakataa kulala. Nilimsindikiza mpaka magari ya bonde yanapopakia, akapanda juu ya magunia, akajifunika uso na kitambaa kabla gari halijaondoka.

Baadaye wakubwa walitia sahihi zao, na waliokuwa wakipigana wakawekwa katika jeshi moja. Mzee wa msituni alishuka Bukavu akiwa na nyota begani na gari lenye vioo vyeusi. Maman alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Tulipompa habari aligeukia ukutani.

Nilimwona mara moja tu, katika arusi ya binti wa binamu yangu. Alikuwa mgeni wa heshima, nami nilikuwa kati ya wanawake wa kugawa chakula. Nilikuwa nimejiandalia mtu mkubwa. Alikuwa mzee mdogo, mkavu, na miwani. Nilimwekea sahani mbele, na kabla sijajua nitasema nini nilikuwa nimeinama karibu na sikio lake.

"Muzee, mutoto wako wa Luvungi alikuwa kwetu, ku Muhumba."

Mkono wake ulisimama juu ya uma. Mlinzi alisogea, mzee akamzuia kwa kidole. Muziki ulikuwa mkubwa, ikabidi anisogelee.

"Ile siku ya foni, mulikuwa kule?"

"Tulikuwa."

"Aliamini ile maneno nilisema?"

Nilikuwa na miaka mingi ya mambo ya kumwambia mtu yule. Yote yalinitoka kichwani.

"Aliamini, muzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuikata nyama yake vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, bila kupeleka hata kimoja mdomoni. Nilirudi na masinia yangu. Walipomwita kutoa neno, alisimama, akashika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo kama mtu asiyekipenda, akawatakia maarusi watoto wengi na amani nyumbani. Watu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani nilimsimulia maman, ambaye alikuwa hasemi sana siku zile, akaniuliza kama yule mzee alilia. Nikamwambia hapana. Akaniomba nimgeuze upande wa pili, mgongo ulikuwa ukimwuma.